Ini Lililokosekana Ndooni

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, kulikucha kwa ukungu mzito na baridi ya kuuma masikio. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi juu ya mabati ya nyumba, na majani ya mahindi yalichuruzika umande kana kwamba mvua ilikuwa imekatika muda huo huo.

Binti wa mwindaji alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyumbani na shuleni walimwita Darubini, kwa sababu hakuna kitu kilichompita. Ukibadilisha kifungo cha shati, ataona. Ukimega mkate kabla ya chai, ataona, na atasema. Yeye mwenyewe alilipenda jina hilo na kulivaa kama medali.

Baba yake alikuwa na kibali cha kuwinda kulungu waliotoka msituni kula mazao ya watu. Kibali hicho ndicho kilichoilisha nyumba nzima. Kila Jumamosi, Darubini alimsaidia kubeba vifaa. Lakini siku hizi kulikuwa na msaidizi mwingine: shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ambaye alikosa kazi akahamia kwao na mkewe mjamzito.

Darubini hakumwamini shemeji huyo hata chembe. Mtu gani hushika nyama mchana kutwa, halafu jioni anaomba maharage? "Labda anaogopa kulungu watamfungulia kesi," mama alitania, na wote walicheka isipokuwa Darubini. Tena shemeji alikuwa na tabia ya kunong'ona peke yake. Kila alipofunga mfuko wa visu, midomo yake ilicheza bila sauti kutoka. Mwizi, Darubini aliwaza, au kitu kibaya zaidi.

"Shikamoo, shemeji," alimwamkia asubuhi hiyo, akimtazama mikono.

"Marahaba, Darubini. Umeniona nini leo?"

"Bado naangalia."

Walisubiri kwenye mkokoteni kando ya shamba huku baba akitangulia. Mlio wa bunduki ulisikika mara moja, kisha mluzi. Walimkuta baba amesimama karibu na kulungu dume aliyelala kwenye nyasi.

"Haya, tusichelewe," baba alisema, akivaa glavu. "Joto la mwili ndilo adui yetu. Matumbo yakikaa ndani, nyama inaanza kuharibika hata kabla haijafika nyumbani."

Walimlaza mnyama chali kwenye mteremko, kichwa upande wa juu. Shemeji alifunga utumbo wa nyuma kwa uzi mnene ili uchafu usimwagike. Kisha baba akachukua kisu kifupi, ambacho kila siku alikifuta na kukiviringisha kwa kitambaa cha buluu. Kitambaa hicho kilikatwa kutoka kwenye shati la shule la Darubini la zamani. Darubini mwenyewe alikipinda pindo kwa sindano, mshono ukaenda upande, na baba akasema hajawahi kupewa zawadi nzuri kama ile.

"Makali ya kisu yaelekee wapi?" baba alimuuliza.

"Juu, Baba."

"Kwa nini?"

"Yakielekea chini utatoboa tumbo, nyama yote inuke."

"Umesikia, mwanangu?" baba alimwambia mkwewe. "Nyumba hii hata watoto ni walimu."

Baba aliinua ngozi kwa vidole viwili na kuipasua polepole, akikwepa kibofu. Matumbo yakatoka mazima. Kisha akakata kiwambo kilicho chini ya mbavu, akatoa moyo, mapafu na figo, akaviweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Hivyo vilikuwa vya kumwonyesha mkaguzi wa nyama. Alipofika kwenye ini, mkono wake ukasimama.

"Darubini, kalete dumu la maji ya kunawa," alisema ghafla. Kisha akamgeukia mkwewe. "Nenda naye, mwanangu. Usogeze na mkokoteni."

Waliporudi, ndoo ilikuwa imefunikwa, na baba alikuwa anafuta kisu chake kwenye nyasi. Walikipachika kijiti kwenye mbavu ili hewa ipite, wakampakia mnyama, wakaanza safari. Baba na Darubini walisukuma mkokoteni. Shemeji alifuata nyuma na ndoo, akinong'ona zake. Penye kona, Darubini aligeuka akamwona ameitua chini.

"Unafanya nini huko?"

"Nabadilisha mkono, shemeji. Ndoo nzito."

"Hm," alisema Darubini.

Nyumbani, kwenye banda la nyama, mkaguzi alikuwa anawasubiri akiwa na koti jeupe, buti za mpira na mhuri wake kwenye mkoba. Mama muuza mboga na fundi baiskeli wa jirani walikuwa wamekuja kununua nyama. Mkaguzi alimtazama mnyama, akasema amefunguliwa vizuri. Kisha akainua mfuniko wa ndoo.

"Moyo huu. Mapafu haya. Figo ziko mbili. Ini liko wapi?"

Inzi mmoja alizunguka juu ya meza, na watu walimfuata kwa macho kana kwamba yeye ndiye atakayejibu.

"Ini ndilo linaloniambia kama mnyama alikuwa na ugonjwa," mkaguzi aliendelea. "Likikosekana, najiuliza nani amelificha, na kwa nini."

Baba aliinama kunawa mikono. Mikono yenyewe ilikuwa tayari safi.

"Ni shemeji!" Darubini alisema. "Alikuja nyuma na ndoo. Nilimwona akiifungua."

"Ulimwona kwa macho yako?"

Darubini alisita kidogo tu. "Kwa macho yangu."

Mama muuza mboga aliguna. Fundi baiskeli akasema kwa sauti ya chini, "Wageni hawa, ukiwapa kidole..." Shemeji alimtazama baba mkwe wake. Baba hakuinua uso.

"Sikuligusa," shemeji alisema.

"Basi katafute lilipo," mkaguzi alisema. "Naenda kukagua banda jingine la nyama kisha nitarudi. Lisipopatikana, mnyama huyu atazikwa mzima, na jina lako kama msaidizi nitalifuta kwenye kibali. Hutashika kazi hii tena."

Dada yake Darubini alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo lake. Aliingia ndani taratibu na kuanza kukunja nguo za mumewe.

Darubini alidhani atafurahi, lakini furaha haikuja. Basi akaona dawa ni kumkamata shemeji na ushahidi mkononi. Akamfuata kwa mbali hadi shambani. Kule, mbwa wa jirani alikuwa anafukua chini ya kichaka. Shemeji alimfukuza kwa kelele, akapiga magoti, akatoa kitu kwenye udongo.

"Nimekukamata!" Darubini alipiga kelele.

Shemeji aligeuka. Mkononi alikuwa na ini lililofungwa katika kitambaa cha buluu, na pindo la kitambaa hicho lilikuwa na mshono ulioenda upande.

Darubini alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Sasa aliliona jambo lililokuwa mbele yake tangu asubuhi. Baba alifuta kisu kwenye nyasi. Baba, ambaye hukifuta kwa kitambaa kila siku! Macho yake yaliona, ila hayakutilia maanani, kwa kuwa yalikuwa na kazi ya kumchunguza shemeji.

"Rudi nyumbani," shemeji alisema kwa upole. "Kitambaa nitakifukia. Nitasema ini nililificha mimi."

"Lakini si wewe!"

"Baba yako alinipa chumba nilipokuwa sina pa kulala. Akipoteza kibali, mtakula nini? Mimi nitapata kibarua kwingine."

"Na dada je?"

Darubini alinyoosha mkono. "Nipe kitambaa."

Njia nzima alisali moyoni. Mungu wangu, mdomo huu uliosema uongo kwa urahisi hivyo, upe nguvu ya kusema kweli. Alirudia maneno hayo mpaka walipofika bandani, ambako mkaguzi alikuwa amesharudi.

"Nimelileta ini," shemeji alianza. "Mimi ndiye..."

"Sikumwona!" Darubini alimkatiza. "Nilisema nilimwona akifungua ndoo. Nilimwona ameitua chini tu. Kuifungua sikuona, nilidhani, kwa sababu simpendi. Nisamehe, shemeji."

Mkaguzi alikunja uso. "Kama si yeye, ni nani?"

Darubini hakumtaja mtu. Alimwendea baba yake, akafungua kiganja. "Baba, kitambaa chako."

Baba alikitazama kitambaa kile chenye udongo. Alikaa juu ya gogo.

"Ni mimi," alisema. "Niliona vifuko vyeupe vya maji kwenye ini. Nikaogopa. Nikawaza, mkaguzi akiviona, nyama imekwenda, kibali kimekwenda. Nikalifukia. Kisha nikamwacha kijana wa watu abebe mzigo wangu, nami nanawa mikono."

Mkaguzi alivaa glavu, akaliweka ini juu ya meza na kulipasua. Akakagua tena mapafu, moyo na nyama yote, kipande kwa kipande, bila haraka.

"Ugonjwa uko kwenye ini peke yake," alisema hatimaye. "Ungenionyesha, ningelichoma hili tu, na nyama ingepata mhuri asubuhi ile ile. Lakini ulipolifukia, mbwa angelila. Mbwa akila vifuko hivi anapata minyoo, na mayai ya minyoo yanaweza kumfikia mtoto anayecheza naye. Je, huyo mjukuu anayekuja hatacheza na mbwa?"

Baba aliinamisha kichwa, macho yamejaa machozi.

"Nyama itapata mhuri. Ila msimu huu wote hutafungua mnyama nisipokuwa nimesimama pembeni yako. Ukirudia, kibali nakichukua." Kisha mkaguzi akamgeukia Darubini. "Na wewe, mwanangu. Macho yako ni mazuri, lakini leo moyo wako ndio ulioyaamulia cha kuona. Kuona ni jambo moja, kudhani ni jingine. Ukiyachanganya, unaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake kwa neno moja."

"Shemeji," Darubini aliuliza kwa aibu, "mbona huwa unanong'ona?"

"Nataja visu kimoja kimoja nisije nikasahau kimoja kwenye nyasi."

"Na nyama, mbona huli?"

"Nina jino bovu. Mimi naipenda nyama, yenyewe ndiyo hainitaki."

Dada alicheka kutoka mlangoni, kicheko chenye machozi, na hata mama muuza mboga akajifunika mdomo. Ini likachomwa moto nyuma ya banda mpaka likawa majivu.

Hapo baba alisimama na kumshika mkwewe mkono. "Msiondoke," aliwaambia majirani. "Mlisikia kijana huyu akisingiziwa, basi sikieni na hili. Kila mnyama nitakayemfungua, ini lake litalala juu ya meza hii wazi, liwe zima au bovu. Na kosa langu halitabebwa tena na mtu mwingine."

"Na wewe, Darubini?" shemeji aliuliza.

Darubini aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Naahidi mbele yenu. Nikisema nimeona, nitakuwa nimeona. Nikidhani, nitasema nadhani, hata kama ni mtu nisiyempenda, na hata kama ni Baba."