Boriti ya Mama Odile

"Paaa!"

Clothilde aliona nyota za mchana. Akashika paji la uso, hata tusi likamkauka mdomoni.

Chini ya ngazi za ghala la mvinyo, Mama Odile, mwenye shamba la mizabibu, alicheka mpaka taa ikatikisika mkononi.

"Pole, binti yangu! Hiyo boriti ndiyo bawabu wetu, na huwa simwonyi mtu. Miaka thelathini sasa, hakuna mgeni aliyeshuka humu bila kuisalimia kwa kichwa."

"Gaspard, angalia..." Clothilde aliita.

Mchumba wake alikuwa nyuma, anaandika ujumbe kwenye simu. Hakuinua jicho. Aliinama chini ya boriti, akanyooka upande wa pili, vidole bado vinabofya.

Kicheko cha Mama Odile kikakatika.

"Umeshawahi kufika hapa, baba?"

"Mimi? Hata siku moja."

Kitu kilimchoma Clothilde. Tangu asubuhi Gaspard alikuwa analipiga vita shamba hili. Mara barabara mbovu, mara mvinyo wao mchachu. Walikuwa wamezunguka mashamba manne ya Burgundy, huko Ufaransa, kutafuta mvinyo wa harusi yao ya wiki tatu zijazo, na ni hili tu lililompa homa.

Mama Odile alichovya mrija wa kioo kwenye pipa, akawajazia glasi.

"Kwetu wachumba huchagua pipa, wakaandika majina yao kwa chaki. Halifunguliwi mpaka siku yao. Onja, ukichoka tema kwenye ndoo."

Kabla Clothilde hajainua glasi, viatu vizito vilisikika ngazini. Alikuwa Firmin, mume wa Mama Odile, katoka shambani na matope yake.

"Aah, bwana harusi wangu!" akampiga Gaspard bega. "Umekuja kuliangalia pipa lenu? Yule bibi harusi wako mwenye nywele nyekundu hajambo?"

"Mzee, umenifananisha."

"Nikufananishe? Mwezi wa tatu mke wangu huyu alikuwa kwa binti yetu, mimi ndiye niliyewapokea. Si ulijigonga hapo kwenye boriti mpaka ukalia? Pipa lenu lile pale!"

Clothilde alimpokonya Mama Odile taa, akaenda kumulika.

GASPARD NA LAURÈNE.

Laurène, shoga yake tangu shule. Mpambe wake wa harusi. Aliyemfungia zipu ya gauni juzi, akatokwa na machozi eti ya furaha.

"Clo, nisikilize..."

"Funga bakuli lako!"

Alipiga simu palepale, akaweka sauti ya nje.

"Shoga! Mmepata mvinyo?" Laurène aliitika kwa bashasha.

"Tumepata. Tuko kwa Firmin, nimeegemea pipa lako."

Kikasikika kilio chembamba.

"Clo, nisamehe. Gaspard alisema atakwambia kwenye safari hii. Ameshindwa?"

"Kumbe safari hii ni ya kuniaga! Basi shona gauni lako, mama. La kwangu usiliguse."

Akakata, akamgeukia Gaspard.

"Siku tatu nazunguka na wewe! Nimeonja mivinyo kumi na tisa, naandika kwenye daftari, huu wa samaki, huu wa keki. Unatikisa kichwa, 'sawa mpenzi, sawa mpenzi,' na unajua harusi hakuna?"

"Sikutaka kukuumiza."

"Hukutaka kuniona nikiumia. Uliogopa macho yangu, mwoga mkubwa we!"

"Mapenzi hayapangwi, Clo."

"Lakini pipa ulilipanga!"

"Huyo kakujibu, na mimi naongezea," Firmin alidakia. "Umenifanya nimchekee mwongo nyumbani kwangu."

Clothilde alipiga funda kubwa, akauzungusha mvinyo mdomoni kama wajuzi wafanyavyo, kisha akautema wote. Ndoo ilikuwa kushoto. Viatu vyeupe vya Gaspard vilikuwa kulia. Vikawa vyekundu.

"Clothilde, una wazimu?"

"Mama Odile, nipe kitambaa." Akalifuta pipa kwa nguvu mpaka mbao zikalia. "Na chaki."

Akaandika CLOTHILDE, peke yake, herufi kubwa kama za dukani.

"Tarehe ileile. Ukumbi upo, wapishi wapo, watu mia na ishirini wameshaalikwa. Harusi imekufa, lakini karamu iko palepale, na wewe na mzee Firmin mnakaa meza ya mbele. Kijiji chote kije!"

"Nitakuja na dada zangu sita," alisema Mama Odile, "na wote wana midomo. Kufikia jioni mji mzima wa Beaune utakuwa unajua."

Gaspard aliposikia hivyo alikurupuka. Mama yake ana duka la mkate mjini Beaune. Akachomoa simu, akaanza kupiga, akazikimbilia ngazi mbilimbili huku akifoka:

"Mama, usipokee simu ya mtu yeyote! Ma..."

"Paaa!"

"Sasa," Mama Odile alisema, akimjazia Clothilde glasi, "huyo ndiye mgeni."