Nilimfundisha Wifi Kusema "Hauna Karanga"

Nilimpokonya wifi yangu kipaza sauti mbele ya wateja, Kimara, saa nne asubuhi. Bado alikuwa anatangaza: "Unga usio na karanga, mama!" Na mtoto wa watu kalazwa na dripu mkononi! Ningevumilia mpaka lini?

Nina miaka ishirini na sita, watoto wawili, nimeishia kidato cha nne. Nauza unga wa uji wa watoto. Wauzaji tumejaa, na wote tunasema unga wetu bora, safi, asilia... nani anasikiliza?

Mie mwanangu wa kwanza akila karanga anavimba mdomo. Kwa hiyo nilikuwaga wa kwanza mashineni alfajiri, kabla wengine hawajasaga karanga zao. Hata hivyo natanguliza mahindi kidogo kusafisha mashine, hayo nawapa kuku. Ndiyo nikawa najitambulisha kwa hilo tu: "Mie ndiye wa unga usio na karanga." Wamama wenye watoto kama wangu wakanifuata hadi kutoka Mabibo!

Nikajifungua kwa upasuaji. Biashara nikamwachia wifi, dada wa mume wangu. Nikamwambia asianze na bei, aanze na karanga. Maneno aliyashika... alfajiri hakuishika! Alikuwa anakwenda kusaga mchana, mashine ikiwa imeshasaga karanga za watu.

Mie nimelala na mshono wangu, nafurahi unga unatoka. Mpaka mteja wangu wa siku nyingi, Mama Careen, alipoingia uani na pakiti mkononi. Mwanawe alivimba, pumzi ikakata, hospitali wakamuwahi.

"Niliamini mdomo wako!" alinililia.

Nilipomuuliza wifi, akacheka. "We nawe! Vumbi la mashine tu hilo. Sema unaona wivu, nimeuza kukushinda."

Kesho yake akarudi kutangaza maneno yaleyale. Ndiyo siku niliyompokonya.

Mume wangu akataka yaishie nyumbani. Mama mkwe akasusa hata kumwona mjukuu. Wateja wakapotea mmojammoja... Nimechoka, jamani, hata kulia siwezi.

Nyie mnaoanza biashara, jitambulisheni kwa kile kimoja mnachokiweza kweli. Lakini nawasihi, msimpe mtu maneno yenu kabla hamjamwona akiifanya kazi yenyewe. Mie nilimfundisha wifi kusema, sikumfundisha kuamka!

Jumatatu nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kichanga kifuani. Nikaandika malalamiko kwa mkono. Mlalamikiwa wa kwanza: wifi yangu, azuiwe kuuza unga kwa maneno hayo. Mlalamikiwa wa pili: mimi mwenyewe, niliyemkabidhi watoto wa watu bila kumkagua.

Mtendaji akasoma mara mbili. "Dada, mtu hajishtaki mwenyewe."

Nikamwambia apige muhuri hivyohivyo.