Nilimwachia Galaksi Yangu, Akaibandika Jina Lake

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mitatu, nafundisha fizikia sekondari moja huku Mbulu. Mkiniona na chaki zangu mtadhani nimeridhika. Sijaridhika! Nina donda moyoni, na nusu yake nilijitia mwenyewe.

Nilizaliwa Tumati, kwa wakulima wa maharage wenye ng'ombe wachache. Baba aliuza maksai wake ili nisome, nami nikasoma hadi shahada ya pili, elimu ya nyota. Mnacheka? Hata shangazi zangu walicheka.

Nilichunguza galaksi moja ya mbali sana. Katikati yake kuna shimo jeusi linalomeza gesi, na huku likimeza, linarusha mikondo miwili ya chembe kwa kasi ya kutisha, mmoja huku, mwingine kule. Mikondo hiyo inaitwa jeti, na darubini za redio huiona. Gesi nyingi ilikuwa inaikimbia galaksi ile. Nani aliyekuwa anaifukuza? Mwanga mkali wa katikati, au jeti? Nilipima zaidi ya mwaka mzima... mpaka nikaona. Pale jeti ilipogonga, ndipo gesi ilipokimbia zaidi. Ni jeti! Nililia mbele ya kompyuta.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Fabiano, mchumba wangu, kijana wa wafugaji wa Hanang niliyesoma naye darasa moja. Alifurahi kuliko mimi.

Kisha mama akaugua, ikabidi nirudi nyumbani kumuuguza. Kompyuta yangu ilikuwa imeshakufa, hivyo kila kitu nilikiacha kwenye ya Fabiano: vipimo, michoro, kurasa zote nilizoandika. Bila jina. Msinishangae! Kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwenye boma la rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na karatasi hakuna. Kwa kina Fabiano ni hivyo hivyo. Kuandikishana ni kama kutukanana.

Siku moja nimepanda kilimani kutafuta mtandao, rafiki wa chuo akanipigia kunipa hongera. Eti mchumba wangu anakwenda kuwasilisha ugunduzi wake mbele ya jopo, apate ufadhili wa kusoma nje. Ugunduzi upi? Nikamwomba anisomee. Ulikuwa wangu, neno kwa neno!

Nikampigia Fabiano. Hakukana hata kidogo. Aliniambia kwa upole kabisa, "Tere, wewe si uko kijijini unauguza? Nafasi ingepotea bure." Msimamizi wetu wa utafiti chuoni, nilipomlalamikia, naye akaniuliza nina ushahidi gani. Ushahidi! Sikuwa hata na flashi.

Sasa sikieni dhambi yangu. Pale kando ya kitanda cha mama, nikirudia hesabu kichwani, nilikuwa nimegundua kosa. Kwenye jedwali moja nilisahau kuondoa mwendo wa galaksi yenyewe, kwa hiyo kasi ya gesi ilitoka kubwa mno. Kulirekebisha ni kazi ya siku moja, na jibu lingebaki lile lile. Nilikuwa nimepanga kumwambia Fabiano. Baada ya simu ile nikanyamaza... nikasubiri.

Jopo likaliona. Wakamuuliza, akabaki anababaika, maana hajawahi kupima chochote. Nafasi akapewa mwingine. Mimi nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Nilipomweleza, hakucheka. Alisema kwa taabu, "Mwanangu, na kazi yako je?"

Nikapanda basi kwenda kwa msimamizi kumwonyesha kosa lilipo, na kwamba nililiona hata kabla ya jopo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ingekuwa kazi yako, ungeliona kosa ukanyamaza?" Kazi ile ikatupwa. Mama alifariki mwezi huo huo, na chuoni sikurudi tena.

Mwaka jana nikasoma kwenye simu kwamba watafiti wa mbali wamechapisha. Galaksi ile ile, jibu lile lile: ni jeti! Niliyapitia majina yao moja moja, kama ninayetafuta matokeo ya mtihani.

Wadogo zangu, andikeni majina yenu kwenye kazi zenu, hata kama mnamwachia mnayempenda. Na akiwaibia, pigeni kelele, lakini msiuache ukweli uanguke ili mwizi aanguke nao. Nawasihi! Nilikuwa sahihi, na tunaojua hivyo duniani tuko wawili tu... mimi na Fabiano.