Alama ya Kufungia

Sauti ya Fundi Lahbib ilikataa kufutika. Mahjuba alisikiliza mara ya kwanza akadhani amekosea kubonyeza. Aliposikiliza mara ya pili alivua hedfoni, akamtazama mumewe aliyesimama mbele ya maiki.

"Umeimba kweli?"

"Ala! Kwani hukuniona?" Abdelali alicheka. "Au ulikuwa unatazama uzuri wangu tu?"

"Wewe humo. Yumo mzee vilevile."

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Shaabani, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mtaa mzima wa Derb Sultan umejinyoosha na hata kinyozi wa chini amezima redio. Studio yao ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya pili, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia kelele za Casablanca. Mashine ilikuwa kongwe, ya njia nane, inayoandika kwenye kadi, na mtaani kwetu aliyeijua ni Mahjuba peke yake. Nalisema hili kwa sababu watu walikuwa wakimwita Abdelali "bwana studio", naye akiitikia bila haya.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuchomekea. Wimbo unapigwa kama ulivyo, ukifika mahali penye kasoro mashine inafunguka, inanasa sauti mpya juu ya ile ya zamani, kisha inajifunga. Unaweka alama ya kufungulia na alama ya kufungia, basi, hata mtoto anaweza. Kilichobaki mbele na nyuma ya alama hakiguswi.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za Fundi Lahbib, mkuu wa ngoma za kupandisha majini, aliyezirekodi wakati wa baridi kabla kiharusi hakijampinda mdomo. Abdelali alikuwa mwanafunzi wake miaka sita. Alikuja na kadi akamwambia mkewe, "Mzee kanibariki. Niweke sauti yangu pale ilipomkatika." Mahjuba aliamini. Mtu akishamwamini mumewe hamuulizi hati.

Na Fundi Lahbib kwake hakuwa fundi tu. Alipokuwa na miaka saba, jini mwekundu alimpanda Mahjuba kichwani, akawa anakimbilia machinjioni kulamba sakafu. Fundi ndiye aliyempandisha yule jini kwa wimbo wake, akazungumza naye, akamshusha. Tangu hapo kila Shaabani wimbo ule hupigwa kwa Fundi kuanzia mwito, unaomwita jini, hadi mwisho, unaomshusha, na kitambaa cha Mahjuba huwekwa katikati badala yake. Mwenyewe haruhusiwi kuusikia, wala kuujua. Fundi alimtajia mamake, na mama alipokufa akamtajia Abdelali, kwani mume ndiye wa kumtoa mkewe ngomani wimbo huo ukikaribia. Abdelali aliwahi kufanya hivyo. Katika ngoma moja alimshika mkono, akamwambia, "Twende tukanunue lozi," wakakaa nje wakitafuna mpaka ukaisha. Mahjuba alizikumbuka zile lozi kuliko mahari yake.

Mwaka huu wimbo haukuwa umepigwa, kwa sababu Fundi aliugua.

"Tazama kama njia ya pili imewashwa," Abdelali alisema.

Ilikuwa imewashwa, taa nyekundu tupu. Mahjuba akaangalia kama mashine imewekwa kwenye hali ya mazoezi, maana hapo huigiza tu kurekodi. Haikuwekwa. Akachomoa kadi kutazama kile kifungio chake kidogo cha pembeni kinachozuia kurekodi, kikawa wazi. Nafasi ilikuwepo tele. Akakagua hata zile tabaka za chini, kwani kila njia ina tabaka zake na mtu anaweza kurekodi hapa akasikiliza pale. Kila kitu kilikuwa sawa, na mumewe alipoimba vitaa vya sauti vilicheza vizuri.

"Tena," alisema Abdelali.

Wakarudia. Misitari minne tu ya gimbri, lile zeze la nyuzi tatu, kisha ule mwito, kisha kusimama. Wakarudia mara tano, mara tisa. Kila wakifungua, sauti ni ya mzee.

"Wimbo gani huu?" Mahjuba aliuliza.

"Wa wale majini wa bahari. Wa buluu." Alijibu haraka, akiwa ameinamia gimbri lake.

Kiu ikamshika. Alikwenda jikoni, akanywa bilauri tatu za maji bila kupumzika, na aliporudi alimkuta Abdelali ameinama juu ya mashine.

"Unafanya nini huko?"

"Natazama tu, mke wangu. Au nayo ina wivu?"

Kufikia mara ya kumi na nane kulikuwa na harufu. Mwanzoni alidhani ni muuza vichwa vya kondoo wa pale kona, lakini huyo huunguza manyoya, na hii ilikuwa ya nyama mbichi, ya sakafu iliyomwagiwa maji ikaachwa juani. Abdelali hakuisikia, au alisema haisikii. Mahjuba aligundua kwamba ulimi wake unatembea mbele ya meno, unatafuta pengo, na pengo halikuwepo, kwa sababu meno yale yaliota miaka ishirini na nane iliyopita.

"Tuache leo," alisema.

"Mara moja tu. Nakuomba. Moja tu."

Akavaa hedfoni, akabonyeza, gimbri likapita misitari yake minne, mwito ukaja, na Mahjuba akiwa ameshikilia meza kwa mikono miwili alisikia kwamba safari hii nyuma ya sauti ya mzee kuna kitu kinapumua, si cha mzee wala cha mumewe, pumzi fupi fupi za mtu aliyekimbia kutoka mbali na sasa amefika mlangoni na anangoja aambiwe ingia, na mwito ulipokwisha pumzi ile haikukoma, ikasogea sikio la kushoto, kisha la kulia, kisha ikaja katikati ya kichwa, na hapo ikasema kwa sauti ya mtoto wa kike asiye na meno ya mbele:

"Nimefika thatha."

Aliijua sauti. Ilikuwa yake.

Alivua hedfoni polepole, akaziweka mezani.

"Abdelali. Wimbo huu ni wa nani?"

"Nimeshakwambia..."

"Niangalie. Wa nani?"

Hakumwangalia. Aliukaza uzi wa gimbri ambao haukuwa umelegea. "Ni misitari minne tu, Mahjuba. Nilidhani mpaka wimbo uwe mzima ndipo... Misitari minne si wimbo."

"Umeniita mara kumi na tisa."

"Huo ndio wimbo wanaoutaka watu! Kanda yangu haiendi bila huo. Na studio nyingine wangeitambua sauti ya mzee, wangeuliza maswali."

"Kwa hiyo hata baraka hakukupa."

Mahjuba alijisikia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Abdelali angemwomba, yeye angekataa, na ndiyo maana hakumwomba.

"Basi nishushe," alisema kwa sauti ya chini sana. "Imba mwisho. Sasa hivi, kabla hajakaa."

"Siujui."

"Miaka sita!"

"Hakunifundisha. Kushusha hufundisha mwishoni. Nilimwomba, akasema bado, nikaondoka zangu."

Mwisho ulikuwemo kwenye kadi, Fundi aliuimba. Mahjuba akapeleka wimbo mbele, kupita mwito, akabonyeza. Hapakuwa na kitu. Akapeleka mbele zaidi. Kimya, kimya mpaka wimbo ulipokwisha. Akatazama kioo cha mashine. Alama ya kufungulia ilikuwepo. Ya kufungia ilikuwa imeondolewa.

"Nani kaitoa?"

"Nilitaka kuivuta ile sauti ya mwisho," Abdelali alisema, midomo imemkauka. "Ilikuwa inanikata. Nikaitoa ulipokwenda kunywa maji."

Bila alama ile mashine haijifungi. Inaendelea kuandika juu ya chochote kilichopo mbele mpaka mtu aisimamishe, na mara zote walizorudia tangu pale, wakati Abdelali ameshanyamaza anarekebisha koo na Mahjuba akidhani imejifunga yenyewe, ilikuwa imeandika kimya chake juu ya mwisho wa Fundi. Mwito ulikataa kufutika, mwisho ukafutika kirahisi. Mahjuba akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Mashine ile hurudi hatua moja tu, na hatua moja nyuma palikuwa na kimya kilekile.

Harufu ilikuwa imejaa chumbani. Safari hii hata Abdelali aliisikia, nami nimejua kwa sababu alivua viatu ili asifanye kishindo, akachomoa kadi, akateremka ngazi ameshika gimbri kwa mkono mmoja na viatu kwa mwingine. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, chini ya studio. Alinipita bila salamu. Juu nilimsikia Mahjuba akiongea na mtoto, nao hawana mtoto.

Jioni hiyo Mahjuba alibeba mashine kifuani hadi kwa Fundi, mitaa miwili tu, lakini alishika ukuta njia nzima. Lalla Yamna, mke wa Fundi, alimpokea, akamtazama macho, akaanza kuchoma ubani kabla hajauliza.

"Nani kakuita, mwanangu?"

"Mume wangu, mama."

Fundi Lahbib alilia kwa jicho moja, lile linaloweza. Alijaribu kuuimba mwisho palepale, mdomo ukamwaga mate, likatoka neno moja tu, nalo nusu.

"Maneno kumi na moja," Lalla Yamna alisema. "Nimeyasikia miaka arobaini, lakini nikiyasema mimi ni bure. Lazima yatoke kwake."

Mahjuba aliitazama mashine yake. "Basi tuyachukue moja moja," alisema.

Ramadhani ikaingia, na majini, kama kila mtu ajuavyo, hufungwa minyororo mwezi ule. Alipata kulala. Lakini alijua amepewa mpaka Idi tu. Aliitia mashine kadi mpya, na kila siku baada ya alasiri aliketi miguuni pa mzee, akaweka maiki karibu na upande wa mdomo ulio hai, akaweka alama ya kufungulia, akaweka alama ya kufungia, akaikagua mara tatu. Siku nyingine neno lilitoka kabla ya futari. Siku nyingine mzee alipiga goti lake kwa hasira, wakala supu yao ya harira bila kupata neno. Akilipata alilichomekea mahali pake, baada ya lile la jana. Tarehe ishirini na tisa walipata la kumi na moja.

"Na mumeo?" Lalla Yamna aliuliza usiku ule.

"Kaenda Rabat, karekodi upya huko," alisema Mahjuba. "Sitaki kusikia habari zake."

Idi mchana, ubani ukifuka uani, walimfunika kitambaa chekundu. Harufu ya machinjioni ilikuwa imerudi tangu alfajiri. Lalla Yamna akabonyeza. Maneno kumi na moja ya siku ishirini na tisa yakatoka mfululizo, yamepinda, yamejaa mate, na kila moja Mahjuba alilisikia likimshika kitu begani na kukiteremsha, mpaka la mwisho lilipopita akabaki mwepesi, jasho linamtoka, na uani pananuka ubani tu. Lalla Yamna alipiga kigelegele cha chini chini. Mahjuba akaomba chai ya nanaa na keki. Akala keki nne, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Shaabani.

Ndipo kijana mmoja wa mtaa akapita barabarani, amening'iniza spika kwenye baiskeli. Gimbri, misitari minne, kisha mwito, kwa sauti nzuri, safi, ya Abdelali. Ulipokwisha mwito wimbo ukarudi mwanzo, maana alichokirekodi ni mwito mtupu, na watu waliupenda hivyo hivyo.

Kikombe kikamwanguka Mahjuba. Ulimi wake ulikuwa ukitafuta pengo.

"Mahjuba?" Lalla Yamna alinong'ona. "Mwanangu, nijibu."

"Nimefika thatha," alisema Mahjuba.

Fundi Lahbib akanyoosha mkono wake mzima, akabonyeza maneno yake yaanze upya, na kabla hayajafika la tatu, duka la pili nalo likafungulia wimbo uleule.