Wifi Aliigeuza Hadithi Yangu Ushuhuda, Akanichukulia Mwanangu

Nina miaka thelathini na moja, ni fundi cherehani hapa Kasulu mjini, ni mjane, na nina hasira. Naitaja hasira mapema ili nisimpotezee mtu muda. Kama unatafuta mkasa wa mama aliyelia, akasamehe, akapona, basi huu si wako. Mimi nimelia tu. Hayo mengine bado.

Wazazi wangu walitoka Burundi wakikimbia vita. Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, uraia ninao. Niliolewa na Simeo, kijana wa Kibondo, mkulima wa maharage. Tulipendana, jamani! Simeo alikuwa na mluzi wake mmoja aliokuwa akiupiga akikaribia nyumba, nami nikiusikia nilikuwa natenga chakula. Kisha masika moja radi ikampiga shambani, jembe likiwa mkononi. Mtoto wetu Furaha ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuvaa viatu mwenyewe.

Nilirudi Kasulu na mwanangu, nikapanga chumba karibu na soko, nikaanza kushona. Katika ukoo wote wa marehemu, aliyenishika mkono alikuwa wifi yangu Spesioza, dada yake Simeo. Spesioza aliolewa akaachika kwa sababu hakupata mtoto, akarudi kwa mama yake Kibondo. Alikuwa akija Kasulu ananiletea maharage, anamsuka Furaha nywele, tunalala kitanda kimoja tukicheka. Nilimwita wifi, lakini moyoni alikuwa dada. Ningejua!

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo balaa lilipoanzia.

Mimi naandika hadithi. Nikiwa nasubiri wateja nachukua simu naandika, Jumapili jioni natuma kwenye kundi letu la wasomaji. Nilianza na hadithi za mapenzi tupu. Wakazisoma, wakachoka. Ndipo nikaandika moja niliyoiita Anakuja na Mvua. Ni habari za mjane anayesimulia mwenyewe, ambaye mumewe aliyekufa humrudia kila mvua ikinyesha, ameloa, mikono ya baridi, anakaa ukingoni mwa kitanda, na yule mjane anampenda upya kuliko alivyompenda akiwa hai. Ampende mfu au amtafute aliye hai? Hilo ndilo lilikuwa swali la hadithi.

Kundi liliwaka moto! Wasichana wakasema, dada usitubanie, weka mahaba. Akina mama wa kwaya wakasema huyo mzimu akemewe kwa jina la Yesu. Vijana wa bodaboda wakataka kujua nani alimroga marehemu. Mimi nikawapa wote. Nikaweka mahaba, nikaweka hofu, nikaweka maombi ya kufunga, nikaweka na mganga mmoja mwongo. Nilivipika vyote chungu kimoja kama ndizi na maharage, na vikaiva! Wengine walinicheka, wakasema hii si hadithi ya mapenzi wala si ya kutisha, ni nini? Niliwajibu, mkiachwa na mtu mnayempenda mtajua kwamba mapenzi na hofu vinalala shuka moja.

Na juu kabisa ya kila sehemu niliandika: Hii ni hadithi ya kubuni. Kila sehemu! Sikuwahi kusahau.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa Spesioza. Alikuwa ananishauri. "Wifi, huyo mwanaume wako hana uhai," aliniambia siku moja. "Mpe mluzi. Ule mluzi wa kaka." Nikasita. Akasema, "Si anapumzika huko aliko? Atafurahi." Nikauweka mluzi. Baadaye akasema niweke na kovu la kidoleni. Nikaweka. Akasema niweke namna alivyokuwa akiniita, Mama Fu. Nikaweka, huku nalia, na yeye analia. Nilidhani tunamwomboleza mtu wetu pamoja... kumbe mwenzangu alikuwa anasokota kamba!

Katika siku hizo alitokea Eliya, muuza vipuri vya pikipiki. Mtu mpole, naye ni mjane. Alizisoma hadithi zangu zote, akanitania kwamba anamwonea wivu yule marehemu wa kwenye simu. Akataka kunioa.

Lakini kwetu msiba haufungwi kwa kuzika. Kuna siku ya kuganduka, siku ya kuvua msiba. Ukoo unakutana, wazee wanasema maneno ya mwisho kwa marehemu, na mjane anaachiwa mbele ya watu wote. Kabla ya hapo wewe bado ni mke wa mtu, hata kama huyo mtu ameota nyasi juu ya kifua. Shughuli yetu iliahirishwa mara nyingi, mara mvua, mara msiba mwingine. Hatimaye baba mdogo wa Simeo, Mzee Filipo, akanipigia simu. Akasema siku imepangwa, nitaachiwa, niolewe kwa amani, na Furaha nitaondoka naye kwa baraka zao.

Niliruka! Nikamshonea mwanangu gauni jipya, tukapanda basi kwenda Kibondo. Eliya akabaki kusubiri simu yangu.

Nilipofika pale nyumbani niliona mambo hayako sawa. Watu walinisalimia kwa ncha za vidole. Shemeji zangu wadogo walikuwa wananitazama kisha wanaangalia mawinguni. Mama mkwe alinikumbatia, akaning'ang'ania, akaninusa shingoni. Nikadhani ni uchungu wa siku yenyewe.

Tulikaa uani mchana, chini ya turubai. Mzee Filipo akasimama. Badala ya kusema maneno ya kuniachia, akasema, "Kuna jambo limetufikia. Spesioza, soma."

Spesioza akatoa simu, akasoma. Wasomaji wenzangu, alisoma hadithi yangu! Neno kwa neno, kwa sauti ile ya kanisani, huku anafuta machozi. "Mvua ilipoanza nikasikia mluzi wake. Akaingia, akakaa kitandani kwangu, akaniita Mama Fu..." Ile mistari yangu ya juu alikuwa ameifuta. Mahali pake aliandika mwenyewe: Ushuhuda wa wifi yangu, tumuombee. Alikuwa ameshautuma kwa ukoo mzima na kwa kanisa lao zima, wiki kadhaa kabla mimi sijapanda basi!

Nikasimama. Nikasema hiyo ni hadithi. Nimeitunga mwenyewe, kwa akili yangu, nikiwa kwenye cherehani.

Mzee Filipo akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. "Mwanangu," akasema, "hadithi tunazijua. Hadithi ni za sungura na fisi, zinaanza hapo zamani. Hii umesema ni wewe, ni kitanda chako, na huyu ni Simeo wetu na kovu lake. Mtu akisimama akasema mimi yamenikuta, huo ni ushuhuda. Utaukanaje?"

Na kweli, kwetu ndivyo tulivyolelewa! Kila Jumapili mtu anasimama mbele, anasema mimi nilikuwa mlevi, mimi nilitokewa na malaika, na hakuna anayeuliza kama ametunga. Kusema uongo kwa mdomo wako mwenyewe juu yako mwenyewe, nani angefanya hivyo? Kwamba mtunzi anaweza kuvaa ile "mimi" ya mtu mwingine kama anavyojaribu gauni la mteja, hilo hakuna aliyewafundisha. Na mimi, mjinga wa kusoma, sikuwaza kwamba kuna siku watasoma.

Mama mkwe akapiga magoti mbele yangu. Mama mtu mzima, ananipigia magoti! "Mana yanje! Mungu wangu! Ni mluzi wake!" alilia. "Mkamwana, niambie, anasemaje? Ana baridi? Mbona kwangu haji?"

Ningemjibu nini? Nyie mngemjibu nini?

Nikamgeukia Spesioza. Nikamwambia, wifi, sema kweli, huo mluzi si wewe ulioniambia niuweke? Waambie! Akainamisha macho. Akasema taratibu, kila mtu akasikia, "Wifi, usimkane kaka yangu mbele ya mama yake."

Nikitetea hadithi yangu, namuua Simeo mara ya pili mbele ya mama yake. Nikinyamaza, nimekubali. Alinifunga barabara, mwanamke yule!

Wazee wakajitenga, wakarudi na uamuzi. Kuganduka hakutakuwepo. Mume anayerudi kitandani hajaondoka, kwa hiyo mimi bado ni mke wa Simeo, siwezi kuolewa. Halafu likaja lile lililonikata maini. Mtoto hawezi kukua katika nyumba ambamo mfu anaingia na kutoka. Furaha atabaki Kibondo, kwa shangazi yake.

Kwa shangazi yake! Ndipo nikaelewa yote. Mluzi, kovu, jina, machozi, maharage, ule usiku mmoja aliotamka kwamba Furaha angetoka tumboni kwake angemwita Shukuru. Sikumchukulia kwa uzito, nikamwambia Mungu atakupa. Kumbe alikuwa ameshaamua apewe na mimi!

Nilimshika mwanangu mkono. Shemeji zangu wakamshika mwingine. Mtoto akalia kwamba anaumia, nikamwachia mimi, kwa sababu mimi ndiye mama. Spesioza akambeba akaingia naye ndani. Lile gauni jipya sikupata hata kuliona likichafuka.

Nilimpigia Eliya nikiwa stendi. Nilidhani yeye, aliyezisoma hadithi zote tangu mwanzo, yeye anayejua, atacheka kisha atakasirika kwa niaba yangu. Akasema, "Najua ni hadithi, Dafroza. Lakini mama yangu naye ameusikia ule ushuhuda. Mimi siwezi kugombea mwanamke na marehemu." Mwanaume mzima! Alimwonea wivu mzimu kwa utani, akamkimbia kwa kweli.

Nilikwenda ofisi za serikali. Afisa mmoja alinisikiliza, akasema sheria ipo upande wangu, lakini kwanza wapelekewe wito, kwanza ukoo ukae, kwanza mwenyekiti wa mtaa aandike. Kesi ingali inatembea kwa magoti. Kanisani kwangu Kasulu nako wameniombea mara kadhaa, wakanishika kichwa wakikemea roho ya Simeo. Simeo, mtu aliyekuwa akiogopa hata kuku wa jirani! Niliwaambia mkemeeni Spesioza. Wakasema nina uchungu.

Ndiyo, ninao! Kwani anayeandika habari za mwizi ameiba? Anayeimba wimbo wa ulevi amelewa? Mbona nikiandika mapenzi tu hakuna aliyesema nina mabwana, lakini nilipochanganya mapenzi na kaburi, wote wakawa mashahidi? Naambiwa niache kuandika. Siachi! Niliyoyaandika hayakuwa na kosa. Mwenye kosa ana jina, na nimelitaja.

Lakini wewe mjane unayesoma haya, nakuomba usipite njia yangu. Ukitunga, tunga. Changanya mapenzi na majini na malaika upendavyo. Ila usimpe maiti wa nyumba yako kazi katika hadithi yako, hata kama aliyekuomba analia. Na mambo ya mwanao yamalize kisheria mapema, kabla hujamsubiri mzee yeyote akuachie. Ahadi ya ukoo ni tamu, lakini inategemea nani alisema mwisho.

Naruhusiwa kumwona Furaha siku za gulio, uani, Spesioza akiwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Mara ya mwisho mwanangu alinivuta sikio akaninong'oneza, "Mama, baba akija mvua hii, mwambie anisubiri mpaka likizo."

Wasomaji wenzangu, fikirini mngesema nini. Ningesema ndiyo, angenipenda, nami ningekuwa yule mwanamke wanayemsema. Nilimshika mabega, nikamwambia ukweli. Nilimwambia baba yako amekufa, mwanangu, haji kwangu, hajawahi kuja, ile ilikuwa hadithi ya mama.

Alinitazama kama nimempiga. Akasema, "Shangazi alisema utanikatalia." Kisha akanitoka mikononi, akakimbia, akajifunika kwa kitenge cha Spesioza.