Nyuzi Sifuri Chwaka

Bi Sichana alitia mkono tangini, akauchomoa upesi. Maji yalikuwa yanaunguza. Majongoo wachanga wa bahari elfu nne walikuwa wamekufa; wa tangi la pili tu ndio waliosalimika.

Inspekta Faiza Ubwa alipofika Chwaka alasiri ile, askari walikuwa wameshamweka ndani Mcha, mlinzi wa tangi. Juzi yake aligombana na Bi Sichana, mwenyekiti wa kina mama wafugaji.

"Ulikigusa kipasha maji?" Faiza alimuuliza rumande.

"Sikukigusa, afande. Kinajiwasha chenyewe, kinajizima chenyewe. Muulize fundi Thuwaini."

Thuwaini, aliyeandika programu ya kukiendesha, alileta karatasi ya vipimo. Nyuzi ishirini na tisa, mchana kutwa.

"Na maji yaliyomuunguza Bi Sichana?"

"Labda Mcha kamimina ya moto."

Faiza hakubishana. Alichomoa kadi ya kumbukumbu ndani ya kifaa kinachoendesha kipasha maji, akaipeleka maabara ya uchunguzi mjini. Asubuhi majibu yalirudi: 29. 30. 31. Kisha 0, na kipasha maji kikawaka moja kwa moja.

Alimwita Thuwaini, akamwekea karatasi zote mbili mezani.

"Maji ya Chwaka yashawahi kuganda?"

Thuwaini aliinamisha kichwa.

"Kipimo kinazidishwa kwanza, ndipo kinagawanywa," alisema. "Nafasi nliyolitengea jawabu ndani ya kifaa, mwisho wake 65,535. Jua likiyafikisha maji nyuzi thelathini na mbili, jawabu la kuzidisha halienei humo. Hesabu inaanza tena sifuri. Kifaa kikadhani maji ni baridi."

"Ulijua?"

"Nliona onyo kwenye majaribio. Nikalipuuza."

"Na karatasi hii?"

"Nliighushi mimi. Kina mama walikataa mashine ya kigeni, wakaniamini mimi, mtoto wao. Nliona haya kuwaambia."

"Ukaona bora Mcha alale rumande."

Thuwaini alilia.

Jalada la kughushi ushahidi likaenda kwa mwendesha mashtaka. Mcha aliachiwa adhuhuri. Bi Sichana alimfuata mwenyewe hadi kituoni, akamtaka radhi.

Thuwaini alipotoka kwa dhamana, alipanua nafasi ya hesabu, akaongeza amri: kipimo kisichoingia akilini, kipasha maji kizimike. Kina mama walitaka kuona kwa macho yao. Wakajaza tangi, wakamimina maji ya moto kidogo kidogo.

31. 32. 33. Kipasha maji hakikuwaka.

"Rudia," alisema Bi Sichana.

Thuwaini alirudia mara saba.

"Haya," akawageukia wenzake. "Waleteni wale waliosalimika kwenye tangi la pili."