Nepi Saba za Fundi

"Mtoto ni wa nani?" nilimuuliza, nikazimwaga nepi zote saba juu ya cherehani.

Mume wangu ni fundi nguo. Wiki sita kabla ya siku hiyo alifanyiwa upasuaji wa tezi dume. Mpira wa mkojo ulipotolewa akaniambia amepona, yamekwisha. Lakini tangu hapo akahamia kulala sebuleni, eti kidonda. Suruali akawa anafua mwenyewe, mtu ambaye kwa miaka ishirini na nane hajaosha hata kikombe. Manukato asubuhi, manukato jioni. Na mimi wasiwasi nimezaliwa nao. Nikaenda kupekua karakana yake, chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikakuta mfuko umefichwa chini ya vitambaa. Nepi za pamba nzito, mshono wake naujua, zimekunjwa vizuri na mikanda imeviringishwa.

Alizitazama. Mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Nakuuliza, fundi."

"Wangu."

"Ana umri gani?"

"Miezi minne."

"Na mama yake?"

"Humjui."

Hakuniangalia usoni. Nikasema moyoni, aibu imemshika. Nikachukua nepi moja ya ushahidi, nikafunga mzigo, nikaenda kwa binti yetu. Njiani nikamtumia ujumbe: "Kalee kichanga chako. Usinitafute."

Akajibu hapo hapo: "Sawa mama watoto. Nisamehe."

Wiki mbili nililia kwa binti. Kila jirani aliyenipigia simu nilimpa habari yote: mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, analea. Wakacheka, nami nikacheka nao. Binti alikuwa ananisikiliza tu. Siku moja akaomba kuiona ile nepi. Akakunjua mkanda, akajifunga kiunoni juu ya gauni. Ukamzunguka, na ukabaki wa kupiga fundo.

"Mama, mtoto gani wa miezi minne ananizidi mimi kiuno?"

Nikakaa chini. Mimi, mke wa fundi, niliyemshikia futi ya kupimia tangu uchumba, nilishindwa kufungua mkanda nikapima.

Nikampigia. Akapokea fundi viatu, jirani yake wa karakana.

"Shemeji, ndiyo nilikuwa nakutafuta. Jamaa ameanguka asubuhi hii juu ya cherehani. Anatetemeka kwa homa. Tuko hospitali."

"Alikuwa hali chakula?"

"Kula anakula. Maji ndiyo hagusi, hata chai anasusa. Mimi nilidhani daktari kamkataza."

Nilimkuta amelazwa, mpira umerudishwa, mkojo mwekundu. Muuguzi akanieleza yale mume wangu aliyoambiwa peke yake mara ya kwanza: mkojo kuvuja baada ya upasuaji ule hutokea kwa wengi, huchukua miezi, kuna zoezi la kubana misuli ya chini, na maji asiache kunywa. Yeye alishika la kuvuja tu. Akaacha maji ili abaki mkavu, akashona nepi zake kimya kimya, maambukizi yakapanda mpaka kwenye figo.

Nikavuta kiti karibu na kitanda.

"Hakuna mtoto."

"Hakuna."

"Ukaona bora nikuite mzinzi?"

"Mwenye mtoto wa nje watasema, kisha watazoea. Lakini mwanamume anayejikojolea..." Akageukia ukutani. "Niliona heri unichukie kuliko unione kinyaa."

"Watoto watatu wamenikojolea mapajani, nikaosha. Mkojo wako ndio ungenishinda?"

Mabega yakamtikisika. Sikumwambia nyamaza.

Tuliporudi nyumbani nikaweka kiti changu pembeni ya cherehani, na chupa ya maji katikati yetu. Asubuhi, mchana na jioni, mimi ndiye wa kuhesabu. Bana, moja, mbili, mpaka kumi. Achia. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Akikohoa, mkojo umetoka. Akinyanyua jora la kitambaa, umetoka. Kuna siku alitupa futi akasema niache kumhesabia kama mjinga. Nikaiokota, nikahesabu tena.

Nepi nilikuwa naanika nyuma ya nyumba. Mwezi wa nne jirani akachungulia juu ya ukuta, mmoja wa wale niliowapa umbea kwa simu.

"Mwenzangu, kumbe mtoto mmemleta hapa hapa? Hajambo?"

Maneno yale niliyapanda mwenyewe. Cherehani ndani ikanyamaza, mume wangu akatoka mpaka mlangoni.

"Mtoto ni mimi, jirani," akasema. "Na anakua. Angalia kamba. Zilikuwa saba, leo ziko mbili."

Jirani hakucheka. Akashuka ukutani taratibu.

Sasa hivi anashinda mkavu kutwa nzima. Nepi iliyobaki ni ya safari tu. Ila figo moja haijarudi kufanya kazi, na daktari ametuambia tusiingojee. Zile wiki mbili nilizokaa kwa binti nikimsema, yeye alikuwa peke yake anaungua kwa kiu.

Dada yangu unayesoma, kabla hujafunga mzigo, fungua mkanda upime.